Tuivunje Jumamosi

Jumamosi, 13 Septemba

Daftari hili ni la bunduki. Si la mambo ya nyumbani wala la kulalamika. Mzee Balwinder amesema bunduki ya kale ikifufuliwa lazima iwe na daftari lake, kama mgonjwa na faili lake: siku gani ulifanya nini, skrubu ipi ilitoka wapi. Kwa hiyo naanza.

Mgonjwa ni bunduki ya marisau, mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, nyundo mbili kwa nje. Ilitengenezwa mwaka 1886 na fundi ambaye kutu imekula jina lake. Mitutu ni ya chuma cha kusukwa, ukiisugua kidogo mistari inajitokeza kama ukili wa mkeka. Kitako kina ufa. Nyundo ya kulia inakwenda, ya kushoto imegoma. Ilikuwa ya baba yake Mzee Balwinder, seremala wa Moshi, na kazi yake kubwa ilikuwa kufukuza nyani kwenye mahindi. Mzee mwenyewe alizaliwa Moshi, ana miaka themanini na minne, na amekaa Rayners Lane, hapa London, tangu mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Ananiita kijana. Nina miaka hamsini na saba na magoti ya dereva wa basi.

Hali ya mgonjwa ni hii. Cheti cha mzee cha kumiliki bunduki kinaisha tarehe 20 Desemba na hataongeza muda. Anahamia Birmingham kwa binti yake, ambako hawataki kuona hata kisu kikubwa cha jikoni. Kama hadi siku hiyo bunduki haijahamia kwenye cheti changu, itapelekwa polisi, na polisi wataisaga. Cheti changu nacho kinaisha wiki hiyo hiyo, ila nimeshaomba kipya na sina wasiwasi. Tena mzee hatanipa mpaka ipone. "Bunduki isiyolia ni fimbo," amesema. "Na fimbo ninayo."

Gaudensia, mke wangu, hajui. Nilimwahidi kwamba bunduki yangu ya pili ndiyo ya mwisho.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo tumeivunja. Naeleza neno hili, Haika binti yetu asije akasoma hapa siku moja akaangua kilio. Kuvunja bunduki ni kuikunja pale kati, kwenye bawaba, mitutu ishuke uchungulie ndani. Ukimaliza unaifunga. Bunduki nzima huvunjwa na kufungwa mara mia kwa siku na hakuna anayeumia. Hii yetu inavunjika kwa kelele, na ikishavunjika haifungi.

Gaudensia aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema namsaidia mzee mmoja kazi za gereji. Si uongo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini kutoka kwetu Woolwich hadi Rayners Lane ni saa moja na nusu na treni mbili.

Jumamosi, 27 Septemba

Mvua. Skrubu ya nyundo ya kushoto haijatoka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua. Skrubu haijatoka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Skrubu! Haijatoka, na sasa nimeichuna kichwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Si siku ya bunduki, lakini naandika. Nilikuwa nasikiliza redio ya nyumbani kwenye simu, wakawa wanazungumzia Siku ya Mwalimu Nyerere, ndipo nikakumbuka kwamba siku ya kuzaliwa ya Gaudensia huwa ni jana yake. Nikampongeza. Akasema ahsante. Alikuwa anakunja nguo na aliendelea kuzikunja, nadhifu mno.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Asubuhi nilikuwa kwa mzee. Tulishindwa tena. Nikatoka kwenda kazini, zamu ya saa saba mchana, na njiani wazo likanijia: tuache kubembeleza, tuitenganishe bunduki yote. Pale kituoni, na mvua inanyesha na glavu mkononi, nikamrekodia Mzee Balwinder ujumbe wa sauti. Nikautuma, nikazima simu kama sheria ya madereva inavyotaka, nikaendesha basi hadi saa kumi na mbili jioni nikiwa na amani kabisa.

Nilipoiwasha simu, ilitetemeka mpaka ikajisogeza yenyewe juu ya meza. Ujumbe mia moja na kumi na nne. Sikuwa nimemtumia mzee. Nilikuwa nimetuma kwenye kundi la jumuiya yetu ya kanisa, "Jumuiya Woolwich: Sala na Matangazo," watu sitini na watatu, akiwamo mke wangu.

Nanakili hapa maneno yangu yote, bila kuongeza wala kupunguza:

"Mzee wangu, shikamoo. Nimeifikiria njia nzima. Tatizo si uzee. Tatizo ni kwamba miaka yote hii hakuna aliyeipaka mafuta, ndiyo maana imekaza. Ukiilazimisha kufunga, inalegea upande mmoja. Mimi nasema hivi, tuivunje Jumamosi. Tutenganishe kila kitu, kila kipande kivyake, tuone kama kuna cha kuokoa. Kama hakuna, ya nini kuhangaika? Twende serikalini ikamalizwe. Ila Gaudensia asijue kwanza. Nitamwambia mwenyewe baada ya Krismasi."

Neno bunduki sikulitaja hata mara moja. Kwa nini nilitaje? Mimi na mzee hatuna kitu kingine. Lakini lugha yetu hii, ukisema "tuivunje" kwa mtu asiyejua, atatafuta kichwani kitu kinachovunjwa, kizee, kinachomalizwa serikalini, ambacho mke hatakiwi kujua. Hatapata bunduki. Atapata ndoa.

Wa kwanza kuandika alikuwa mtu wa Peckham: "Jamani??" Wa pili: "Baba Haika, futa haraka." Wa tatu: "Roho ya kuvunja na ivunjwe!" ikifuatiwa na amina thelathini na moja. Mmoja alipendekeza mwanasheria. Mwingine aliuliza kama vitumbua vya Jumapili bado vipo. Haika akapiga kutoka chuoni Leeds: "Dad, are you and Mum getting divorced? Auntie Jacqueline is literally crying down my phone!"

Nilifika nyumbani. Gaudensia alikuwa mezani, bado amevaa viatu vyake vya kazi vya hospitali. Nikasema, "Mama Haika, ile ni bunduki."

"Chakula kiko jikoni," akasema.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani nimepewa mkono kama mfiwa.

Jumatano, 22 Oktoba

Wamekuja kusuluhisha. Evans, mwenyekiti wa jumuiya, na mkewe Jacqueline, na sufuria ya ndizi nyama, na mshumaa. Evans ni mtu mwema, na tena ni mdhamini wangu kwenye maombi ya cheti. Ubaya wake ni kwamba akianza kusuluhisha huanzia kwa Adamu.

Alipofika kwa Nuhu nikamkatiza. "Mwenyekiti, ile sauti ilikuwa ya bunduki."

"Bunduki zako ni mbili," akasema Evans. "Zote ninazijua, mimi ndiye mdhamini. Zimepakwa mafuta mpaka zinateleza. Hii iliyokaza ni ipi?"

Hapo nikaona nimekamatika. Nilikuwa na njia mbili tu: nikiri kwamba naivunja ndoa, au nikiri kwamba kuna bunduki ya tatu. Naona aibu kuandika kwamba nilifikiria kwa muda.

"Kuna ya tatu," nikasema.

"Severin, wewe ni mtu mzima. Usijifiche nyuma ya bunduki."

"Basi niseme nini, ndugu yangu? Ni ya mzee mmoja wa Rayners Lane!"

"Kila Jumamosi uko Rayners Lane," Jacqueline akadakia. "Kwa mzee. Mzee gani huyo, Baba Haika?"

Gaudensia akasogeza mshumaa kando, akasema, "Mimi naamini ni bunduki."

Nikashusha pumzi. Nikamwona Evans naye anafurahi.

"Amesema ameifikiria njia nzima," Gaudensia akaendelea. "Ndoa hajawahi kuifikiria hata kituo kimoja."

Jacqueline akaweka kijiko chini. Evans alisali sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, wakaondoka wakaacha sufuria.

Jumapili, 26 Oktoba

Gaudensia ameuhifadhi ule ujumbe. Nikiacha kikombe kwenye sinki, anaubonyeza. Sauti yangu inatoka jikoni: "Miaka yote hii hakuna aliyeipaka mafuta." Nimeosha vyombo siku nne mfululizo.

Alhamisi, 30 Oktoba

Evans amekuja kituoni kwetu wakati wa mapumziko. Alikuwa na uso wa mtu aliyegonga gari la mtu.

"Polisi wa vyeti amenipigia," akasema. "Mwanamke mmoja, mpole sana. Akaniuliza kama nyumbani kwako kuna ugomvi wowote."

"Ukasema?"

"Mimi ni mwenyekiti, Severin. Siwezi kusema uongo. Nilimwambia, there was a small issue of breaking, but we mediated."

"Breaking? Kuvunja nini?"

"Sikutaja. Nilikufichia siri yako."

Nilikaa kwenye ngazi za basi. Hapa London mtu mwenye bunduki nyumbani akisikika ana mgogoro na mkewe, polisi hawasubiri. Na wako sahihi, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini sasa cheti changu kikikataliwa, bunduki zangu mbili zinachukuliwa, na ile ya mzee, iliyofukuza nyani wa Moshi, inasagwa kwa sababu ya glavu.

Jumatano, 5 Novemba

Barua imefika. Ofisa atakuja Jumanne tarehe 2 Desemba. Atazungumza na mimi peke yangu, kisha na mke wangu peke yake.

Gaudensia aliisoma mara mbili, akaibandika kwenye friji kwa sumaku.

"Kwa hiyo bunduki zako ziko mdomoni mwangu," akasema.

"Ndiyo, Mama Haika."

"Basi Jumamosi tunakwenda wote."

Jumamosi, 8 Novemba

Saa moja na nusu ndani ya treni na mke wako, ukiwa umezoea kwenda peke yako, ni safari ndefu. Katikati ya njia akaniambia bila hasira kwamba tangu Haika aende chuo, Jumamosi hukaa jikoni akisikiliza mashine ya kufulia, kwa kuwa ndiyo inayoongea. Kwamba zile zamu za ziada hospitalini aliziomba mwenyewe ili asibaki ndani. Mimi nilidhani anapenda kazi. Niliona aibu. Nilitazama dirishani vituo vitatu bila kujua ni vipi.

Mzee Balwinder alifungua mlango, akanitazama, akamtazama Gaudensia.

"Shikamoo baba," Gaudensia akasema.

"Marahaba, mama, karibu sana. Huyu kijana hakuniambia ana mke. Aliniambia ana kabati la chuma la bunduki."

Wakacheka wote wawili, kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Ikaletwa chai ya maziwa na bhajia. Ilichukua dakika tano wakawa wako Moshi, wanatembea mtaa kwa mtaa, duka lipi lilikuwa pembeni mwa lipi, huku mimi nimeshika bisibisi kama mtu wa kukodiwa.

Kisha akaja mezani kuona. Gaudensia ni nesi wa chumba cha upasuaji, miaka kumi na tisa sasa. Aliinamia ile skrubu akavuta miwani.

"Nani ameichuna hivi?"

Mzee akanielekeza kwa kidole bila huruma.

"Mgonjwa ukimtoa uzi namna hii unafungwa jela," akasema. Akaomba mafuta mepesi, akadondosha tone moja tu. Akaloweka kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akakizungushia pale, akangoja, akadondosha tone lingine. Nikachukua bisibisi, akanipiga mkono.

"Iache mpaka Jumamosi ijayo."

"Wiki nzima?"

"Umeilazimisha miezi miwili. Imekusikia?"

Jumamosi, 15 Novemba

Skrubu imetoka kwa vidole viwili. Mzee alipiga makofi. Gaudensia aliiweka kwenye kisosi na kuivuta kwangu.

Jumatano, 19 Novemba

Nilifika nyumbani na mafuta ya nazi ya kumsugua Gaudensia miguu baada ya zamu. Akaniuliza kama nimesoma hiyo kwenye kitabu cha bunduki. Lakini miguu aliitoa.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Kitako kimepakwa mafuta ya kitani mara ya kumi na moja, ufa hauonekani. Fundi mwenye leseni kule Kent amerudisha mitutu na karatasi ya majaribio: imara yote miwili. Nyundo zote mbili zinakwenda. Bado kufunga: inagusa mahali fulani padogo kama punje ya mtama. Nimemweleza Gaudensia haya yote kwenye treni na ameuliza maswali. Mawili yalikuwa mazuri kuliko yangu.

Jumanne, 2 Desemba

Amekuja. Mwanamke wa makamo, koti jeusi, daftari dogo. Alikagua kabati la chuma, akahesabu, akaandika. Aliniuliza kuhusu afya, kazi, usingizi. Kisha akasema, kwa upole ule ule aliousema Evans, "And the breaking?" Nikamweleza. Nilieleza kuhusu bawaba, kuhusu glavu, kuhusu Kiswahili na ile herufi "i" inayobeba bunduki na ndoa bila kubagua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwongo. Akaacha kuandika, na hilo lilinitisha zaidi.

Kisha nikatolewa nje ili aongee na Gaudensia. Nilisimama uani kwenye manyunyu, karibu na mapipa ya taka, dakika ishirini na tano. Kupitia kioo nikaona Gaudensia anaongea kwa mikono. Nikamwona ofisa amefunika mdomo. Kisha Gaudensia akachukua simu yake na nikasikia, kwa mbali, sauti yangu mwenyewe: "Mzee wangu, shikamoo." Jamani! Alikuwa anamchezea ule ujumbe, na anautafsiri neno kwa neno.

Ofisa aliondoka bila kunitazama vizuri.

"Umesema nini?" nikamuuliza Gaudensia.

"Ukweli."

Jumatano, 3 Desemba

Bado hasemi.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimeosha madirisha. Hasemi.

Jumamosi, 6 Desemba

Mzee ameanza kufunga mizigo. Gereji yake ina mwangwi. Bunduki imelala mezani kwenye blanketi, na ilipofika saa tano, nikasugua ile punje kwa mara ya mwisho, nikaivunja, nikaifunga. Ikafunga! Sauti yake ni ndogo, kama mlango wa nyumba ya mtu tajiri. Tulitazamana wote watatu. Mzee akasema, "Sasa ni huzuni zaidi ikisagwa."

Jumatano, 10 Desemba

Cheti kimekuja! Miaka mitano. Nilikisoma nimesimama mlangoni, nikamkumbatia Gaudensia na bahasha katikati.

Ndipo akasema. "Aliniuliza kama nakuogopa. Nikamwambia, huyu? Huyu ameshindwa na skrubu."

"Hilo tu?"

"Akaniuliza kama ndoa yetu ina tatizo. Nikasema ndiyo."

"Gaudensia! Ulisema ndiyo kwa polisi?"

"Nilimwambia ilikuwa imekaza kwa kukosa mafuta, lakini aliyeikazisha ameanza kuitengeneza, na mimi nasimamia kazi. Akaandika hivyo hivyo."

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Nililia kidogo. Hili ni daftari la bunduki, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 13 Desemba

Karatasi zimesainiwa, bunduki iko kwenye cheti changu. Tukaenda kwenye uwanja wa kulenga vigae vinavyorushwa hewani huko Kent, mimi, mzee kwenye kiti cha kukunja na blanketi miguuni, na Gaudensia aliyevaa vizuia masikio juu ya kilemba. Kila mtu alikuwa na vizuia masikio isipokuwa Mzee Balwinder, ambaye alitoa hata vile vifaa vyake vya kusikilizia, akavitia mfukoni. Alisema anataka kuisikia kwa masikio aliyozaliwa nayo.

Nikaanza na mtutu wa kushoto, ule mgomvi. Ukalia. Nikapiga wa kulia. Ukalia. Vigae vyote viwili viliendelea na safari yao vikiwa salama, lakini hayo hayakuwa mashindano.

Mzee alikuwa amefumba macho. "Baba alikuwa anapiga hivyo hivyo," akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Mama anatoka jikoni anauliza, umeua? Anasema, hapana, nimewasalimia tu."

Kisha akaomba moja zaidi. Nikampa tatu.

Jumapili, 14 Desemba

Jumuiya ilikuwa kwa Evans leo. Nilirudisha sufuria ya ndizi. Watu bado walikuwa wananitazama kwa pembe ya jicho, kwa hiyo tulipofika nyumbani nikaona nimalize jambo hili pale pale lilipoanzia. Nikavua glavu kwanza. Nikahakikisha jina la kundi mara mbili. Nikarekodi:

"Ndugu zangu, tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru kwa sala zenu. Imepona. Tuliivunja, tukaipaka mafuta, sasa inafunga bila kulegea. Serikali imekuja, imeiona, imeridhika."

Amina zikaanza kushuka. Arobaini na mbili, nilizihesabu. Halafu Evans, ambaye hawezi kuacha jambo, akaandika: "Tumefurahi sana. Ila kwa faida ya wanajumuiya, tufafanulie. Ni ipi hiyo iliyopona, bunduki au ndoa?"

Gaudensia akaichukua simu mkononi mwangu, akabonyeza, akaisogeza mdomoni.

"Bunduki," akasema. "Ile nyingine bado iko kwenye mafuta. Msiiguse."